Rangi Kwenye Glavu ya Huckaby

Alhamisi, 12 Juni

Ratiba imebandikwa dukani pale uwanjani. Tuko sita, kila mtu anacheza na kila mtu, wawili wawili, dakika tatu. Ukimpiga mwenzako kidonge cha rangi kwa bunduki ya mchezo kikapasuka, mwilini au kwenye vifaa, alama tatu. Muda ukiisha nyote wazima, moja moja. Wa kwanza anachukua nafasi iliyobaki kwenye timu ya mji wa Dayton. Miaka minne naililia nafasi hiyo! Huckaby naye anaitaka. Na mwamuzi ni nani? Lyle, shemeji yake. Haya.

Jumamosi, 14 Juni

Nilijua tu! Huckaby anafuta rangi. Nimemwona akicheza na Pruitt — kapigwa begani, kajitupa nyuma ya puto, yale makubwa ya kujikingia, kainuka bega safi. Glavu ya kushoto ina pinki, rangi ya Pruitt! Nikamwambia Lyle. Eti hakuona kitu, na nimekuja kucheza au kuchunga glavu za watu?

Ukipigwa unainua mkono mwenyewe, unatoka, mwamuzi aone asione. Ndiyo mchezo wetu. Pruitt anakunywa soda yake tu. Amenikera huyo.

Huckaby kashinda zote nne, alama kumi na mbili. Mimi vilevile. Kesho ni yeye na mimi.

Jumapili, 15 Juni

Asubuhi Pruitt kanivuta pembeni. Akasema, “Nell, kile kidonge kilidunda. Kilichopasuka ni kingine, kwenye puto, naye akalishika. Acha kumsema mtu.” Sikuamini. Labda kaambiwa aseme hivyo.

Tukapewa rangi, yeye kijani, mimi chungwa. King'ora kikalia. Nikakimbia, nikateleza hadi puto la pembeni, kitu kikanigonga mgongoni — nikadhani nimejigonga kwenye puto. Dakika ya pili nikampata gotini. Lyle alikuwa upande wa pili, hakuona. Huckaby akainua mkono mwenyewe! Akaja, akanipa mkono: “Umeniweza, dada.” Niliona haya.

Sasa niko chooni. Nimevua mkanda wa kubebea vidonge. Nyuma, doa la kijani. Kubwa kama kiganja.

Matokeo yanaweza kubadilishwa mpaka wote wawili tusaini. Huckaby ameshasaini.

Rangi yenyewe inatoka kwa maji tu. Nimefungua bomba.

Lyle anagonga mlango, karatasi inanisubiri. Nimemwambia nakuja, nanawa mikono.