Mwaka Mmoja Bila Celia Zeferino, Aliyeandikwa Mgeni Kwao

Dada Celia, mwaka umetimia tangu utuache, na udongo uliokuzaa ukakupokea bila kukuuliza kitambulisho.

Tunakukumbuka ukiwa umekaa sokoni Chikongola na sinia lako la korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Ulianza kubangua ukiwa na miaka tisa. Mteja akionja moja unamwambia, "Onja na ya pili, ya kwanza ilikuwa inakusalimia tu." Mama mjamzito hakupita mbele yako akaondoka mikono mitupu. Ukichemsha ming'oko, vile viazi vya porini, chungu kilikuwa cha mtaa mzima.

Mdogo wako Arsenio ndiye anayeumia kuliko sisi sote, kwa kuwa ulimi ulikuwa wake. Siku ya kuandikisha vitambulisho alikusindikiza ofisi ya kijiji. Mezani alikaa karani Erasto, mtani wetu tangu enzi za mababu, mtu aliyekula korosho zako bure miaka nenda rudi. Akaanza kama kawaida yake: "Nyie watu wa mtoni, na huyu mmemtoa wapi?"

Arsenio naye hakubaki nyuma. "Huyu tulimwokota ng'ambo ya Ruvuma, mtani. Amekuja kuwachukulia waume zenu!"

Foleni nzima ikacheka. Wewe mwenyewe ulicheka hadi ukashika mbavu. Erasto alicheka huku anaandika, na hakuna aliyechungulia anachoandika. Kwetu nani humchungulia mtani?

Miaka miwili baadaye miguu ikavimba, chakula kikawa hakikai tumboni. Daktari akasema figo zote mbili zimechoka, damu isafishwe kwa mashine mara tatu kwa wiki. Ukakatazwa ndizi, nazi na maharage, maji ukapimiwa kwa kikombe. Tukila, unakaa pembeni na kusema, "Kuleni, mimi nanusa."

Mashine ilitaka bima, bima ikataka namba ya kitambulisho, na namba haikuwepo. Kwenye faili lako palikuwa na maneno haya: raia wa Msumbiji, kwa kauli ya ndugu yake.

Wewe uliyezaliwa hapa, mama yako amezikwa hapa! Mlikwenda na Arsenio kwa Erasto, Arsenio akamwomba: "Mtani, futa. Ulikuwa utani, na wewe ulicheka." Erasto akaangalia dirishani. "Kauli imeshaingia kwenye faili. Mimi nifute maneno ya watu, nionekane nimekula rushwa?"

Miezi saba, Celia. Njoo kesho, njoo Jumatatu, mkubwa yuko semina. Ulisimama kwenye korido yake na miguu ile, na hakukupa hata benchi. Wenzako Halima na Modesta walibangua hadi ngozi za vidole zikatoka, wakakulipia mashine mara moja kwa wiki badala ya tatu. Ulifariki siku ya Jumatano. Zamu yako ilikuwa Ijumaa.

Kwenye msiba Erasto alikuja na jembe begani, eti mtani amekuja kuzika. Arsenio akamfungia mlango. Wazee wakakaa, mjomba Americo akiwa mbele, wakamtoza Arsenio jogoo: mtani hafungiwi mlango wa msiba, wala mtani hakasirikiwi. Arsenio alimtoa jogoo bila ubishi. Lakini neno lile la mwisho alilala nalo na kuamka nalo. Mtani hakasirikiwi. Sawa. Basi na yeye asikasirike.

Ilipopita arobaini aliingia ofisini saa nne asubuhi, watu wamejaa, akamwinua Erasto kwa mkono kama anamsalimia, kisha akakibeba kiti chake na kutoka nacho. "Mtani, ukikitaka njoo ukikomboe!" Watu wakapiga vigelegele. Erasto angefanya nini? Akikasirika, jogoo ni zamu yake. Na kila akipata kiti kingine, mtani mwingine alikuja kukibeba.

Kwa nini tulimng'ang'ania? Kwa sababu binti yako Marlene alipimwa, naye figo zimeanza kulegea. Akaomba namba, akaambiwa faili la mama yake linasema mgeni. Lile neno moja lilikuwa linataka mtu wa pili.

Wiki ya tano Erasto alikuja uani kwetu. "Mtani, nirudishieni kiti. Kusimama kutwa, mgongo unaniua."

"Hizo figo," Arsenio akamwambia. "Kapime. Kama una bima."

"Mnataka nini kwangu?"

"Andika kwamba ulijua ni utani."

"Nikiandika hivyo kazi sina!"

"Basi simama. Dada alisimama."

Alisimama wiki nyingine tatu. Kisha akaandika mistari minne, mbele ya mtendaji na wazee. Marlene amepata namba mwezi uliopita, na kliniki ameanza mapema, figo zingali zinasikia dawa. Kiti hatujarudisha. Wazee wamesema tumekosea. Jogoo wa pili tumeshawapelekea.

Misa ya kukuombea ni Jumamosi hii saa moja asubuhi, kisha chakula nyumbani. Yeyote ambaye faili lake limeandikwa kama lako na aje, Arsenio atakaa naye. Watani wote mnakaribishwa.

Unakumbukwa na mwanao Marlene, mdogo wako Arsenio, mjomba wako Americo, shangazi yako Isabel, wabanguaji wenzako Halima na Modesta, na ukoo wote wa Zeferino.

Wewe tutakukumbuka siku zote kwa mapenzi. Erasto naye tutamkumbuka siku zote.