Uvimbe wa Mavuno

Mume wangu Yaredi,

Mbukwa. Nakusalimia kwa Kigogo kwanza, maana sidhani kama huko uliko wamekubadilishia lugha. Aliyeshika kalamu ni Mama Zuhura, jirani yetu hapa Chang'ombe, fundi wa cherehani, wewe hukuwahi kumwona. Mimi shule niliiona kwa nje tu. Ameniuliza kama kweli aandike "mume wangu" kwa mtoto aliyekufa akiwa darasa la tatu. Nimemwambia andika hivyo hivyo. Ulipewa jina la babu yako, basi tangu unanyonya nilikuwa mkeo, na ulikuwa mume wa hovyo: hukuleta hata kijiti cha kuni, ukija ni kuuliza mke wangu umepika nini.

Nakumbuka yale mavuno yako ya mwisho kule Ihumwa. Unajua miezi ya kabla ya mavuno ilivyo kwetu, watoto wanabaki macho na magoti. Halafu uwele ukiiva, karanga zikichimbwa, kila mtoto anajaa. Na wewe ukajaa. Ukaamka asubuhi mashavu yamefura, macho yamebaki mistari, nami nikakuita uwanjani watu wakuone: mume wangu amenona, mwaka huu tunamchinja. Ukacheka. Shangazi zako wakacheka. Mama yako akafurahi kuliko sisi sote, maana mwanamke ambaye mwanawe amejaa wakati wa mavuno husifiwa kisimani. Sikuombi radhi kwa kicheko kile. Njaa ndiyo iliyotufundisha kwamba mwembamba ni mgonjwa na mnene ni mzima. Kwamba kuna unene wa maji, hilo haikutufundisha.

Mpaka siku ile uliyosimama nyuma ya zizi ukaniita, wala hukuogopa, sauti yako ilikuwa ya mtu aliyeokota kitu.

"Mke wangu, njoo uone. Nimekojoa chai."

Ilikuwa chai ya rangi kweli. Nikakubonyeza mguu, kidole changu kikaacha shimo, na shimo halikurudi.

Hospitalini wakakutoa damu, wakakutoa tena. Yule daktari wa kike akasema uchafu ambao figo ilipaswa kuutoa umebaki kwenye damu, na umepanda sana. Ndipo wakakuchoma sindano mgongoni, wakatoa kipande cha figo chembamba kama uzi, kikaenda kuangaliwa. Majibu yalipokuja alinieleza mimi, kwa sababu mama yako alikuwa ameinama, hainuki. Akasema mwili hutengeneza kinga za kupigana na ugonjwa. Zako zilishikana, zikanasa kwenye chujio la figo, zikarundikana humo mpaka chujio likavimba na kuharibika. Chujio nalijua. Nimechekecha unga maisha yangu yote. Unga wenye unyevu ukiziba chekeche, unaligeuza, unalipiga kofi, linaachia. Nikamuuliza kama hakuna namna ya kulipiga. Akasema dawa zipo na utapewa, ila umefika umechelewa, sehemu kubwa imeshakuwa kovu.

Nikamwambia, "Kinga inayomuua mwenyewe ni kinga gani?"

"Ni ileile, Bibi," akasema. "Imepotea njia."

Neno hilo nimelala nalo kuliko nilivyolala na kifo chenyewe. Watu walikuja na majina ya wachawi, nikawafukuza kwa mwiko. Afadhali ingekuwa mchawi, ningemjua anapokaa. Hiki kilitoka ndani yako, kikiwa na nia ya kukulinda.

Wakakukataza chumvi. Mlenda bila chumvi, ugali bila kitu, ukatutazama kama tuliokuibia. Nami nikakukuta zizini umepiga magoti kati ya mbuzi, unalamba lile jiwe lao la chumvi. Nikanyanyua mkono nikupige.

"Daktari alisema nisile," ukasema. "Hakusema nisilambe."

Mkono ulishindwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye mavi ya mbuzi, na wewe ukaja ukakaa pajani, mzito wa maji, unapumua kwa shida.

Kisha vile vidonge navyo vikakuvimbisha uso kwa namna yake, duara kama mwezi. Daktari alikuwa ametuonya. Lakini nisikilize, mume wangu, hapa ndipo ninapoteseka: kulikuwa na uso wa mavuno, ambao haukuwa wa mavuno, kisha ukaja uso wa vidonge. Uso wako mwenyewe, ule uliozaliwa nao, umenitoka. Picha tuliyo nayo ni ya wodini. Kila asubuhi nafumba macho niutafute, na anayekuja ni yule mtoto aliyevimba, ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepotea.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya nimsumbue Mama Zuhura aache nguo za watu.

Mdogo wako Neema ni mkubwa sasa, amekufikia umri. Tulihamia naye huku mjini. Baba yako anabeba magunia Kibaigwa, huja akipata nafasi. Juzi juzi Neema alishikwa na koo, homa kidogo, hata shule hakuacha. Koo halijapona vizuri, akatoka chooni akaniambia mkojo una rangi. Hakusema chai. Mimi ndiye niliyeisikia, kwa sauti yako.

Safari hii sikungoja mtu. Nilimbeba mgongoni na miguu yake mirefu ikining'inia, watu wananicheka njiani. Wamempima. Damu yake bado nzuri, uchafu haujapanda, ila mkojo unapitisha damu na protini. Daktari anahisi kinga zimeanza kunasa kwake pia. Anataka kipande cha figo, ajue ni kinga ipi na imerundikana kiasi gani, ampe dawa inayostahili kabla ya kovu.

Mama yako akakataa. Bado tunamwita Mama Yaredi, na akiitwa huitika haraka.

"Walimtoboa Yaredi, nikazika," akasema. "Huyu hawamtoboi."

Nilimwacha alie. Kisha nikamwambia kama ninavyosema siku zote, bila asali: "Yaredi sindano ilimkuta anakufa. Neema imkute anacheza."

Aliendelea kuchambua mchicha, akachambua hata uliokwisha kuchambuliwa. Baadaye akaniuliza nani atamshika mtoto mkono. Nikajua amekubali. Kesho ndiyo siku.

Lakini kuna jambo sijamwambia yeye wala baba yako. Mama Zuhura ndiye wa kwanza kulisikia, na kalamu imemsimama. Leo Neema alikuwa kibarazani anacheza mdako peke yake. Anarusha kijiwe kwa mkono wa kulia, anakomba, anadaka. Kisha anasema zamu yako Kaka, na anarusha kwa kushoto. Wewe ndiye uliyekuwa mashoto. Ulipoondoka yeye alikuwa bado anatambaa, na humu ndani hakuna aliyewahi kumtajia mkono wako. Nikamuuliza nani anaongoza. Akasema Kaka.

Kwa hiyo najua uko hapa. Sikufukuzi, nani atamfukuza mumewe? Najua pale Ihumwa umelala peke yako, reli inapita, hakuna mtoto mwenzio karibu. Wazee wetu walisema mtoto aliyetangulia huwaita wadogo zake. Mchungaji anasema ni uongo. Sijui nani mkweli, na sina muda wa kungoja waelewane, ndiyo maana nakuambia wewe mwenyewe.

Kesho watakapomlaza kifudifudi, usisogee kwenye kitanda kile. Akikuita, nyamaza. Akikurushia kijiwe, usikidake. Utaona ni ukatili, na ni ukatili kweli, lakini fanya.

Ukikosa wa kucheza naye, niite mimi. Mikono inatetemeka, nitashindwa kila mara, utafurahi. Nitakuja bila ubishi, hata uji ukiwa jikoni. Neema niachie.

Ni mimi mkeo mzee,
Bibi yako.