Mtihani wa Wawili Wawili

Jumatatu, 3 Novemba

Viwakilishi tena! Kwetu "yeye" ni yeye tu, awe bibi, awe bwana. Kwa Kiingereza mpaka kwanza umjue ni mke au mume. Leo nimemgeuza Mwalimu mwanamke, na ndevu zake zote. Darasa la jioni likaangua kicheko — Bi Mkubwa huyo! Nimezoea. Ila binti yangu, tunayesoma naye darasa moja, hakucheka. Kainamisha kichwa. Afadhali angecheka.

Jumanne, 4 Novemba

Kazini, udobi wa hospitali. Mashuka, mashuka. Mikono imebabuka. Matroni karudia: nikipata cheti cha Kiingereza nahamia mapokezi, nikikosa nibaki na mashuka yangu. Tashbihi, sitiari, tashihisi — nakariri majina yake ya Kiingereza huku nasuuza. Yanaingia sikio hili yanatokea lile. Mtu mzima hovyo!

Jumatano, 5 Novemba

Mtihani wa kuzungumza ni wawili wawili, na alama ni za pamoja. Ambaye mwenzake hajafika atajibizana na Mwalimu mwenyewe. Kisha Mwalimu kasoma orodha: mimi na binti yangu. Nilifurahi, mjinga mimi!

Wakati wa kutoka nikawasikia nyuma ya mlango. Binti yangu anaomba abadilishiwe. Eti anautaka udaktari, eti nitamvuta chini. Hakusema "mama yangu". Kasema "yule mama". Mwalimu kakataa, orodha imeshapelekwa.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimepika, kala, kalala. Niliacha shule kwa mimba yake, na sijawahi kumwambia. Sitamwambia. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nimechoka. Hata kulia siwezi.

Na bila cheti? Mashuka mpaka nife.

Ijumaa, 7 Novemba

Niko benchini, nje ya chumba cha mtihani. Naandika nikisubiri zamu yetu. Yeye kakaa mwisho kule, kitabu usoni. Nilimsalimia, kaitikia kwa kichwa.

Mlango umefunguliwa. Mtahini, mama mgeni mwenye miwani, kamwita binti yangu na kumuuliza mwenzake yuko wapi. Binti yangu kasimama. Kanitazama mara moja tu.

"Mwenzangu hajafika."

Mtahini kanigeukia mimi, kwa upole kabisa.

"Na wewe mama, unamsubiri nani?"

Najifanya namalizia kuandika. Wote wawili wamesimama, wananingoja —