Kiswahili Kwenye Skrini ya Maktaba

Jumatatu, 3 Machi
Umeme umerudi saa nne. Nimeingiza vitabu vya kilimo, rafu ya chini, kwenye kompyuta ya maktaba ya chuo. Vumbi, chafya tupu. Programu hii mpya ya katalogi ni huria: hatukuinunua, na yeyote anaruhusiwa kuibadilisha. Wenzangu hawaigusi. Wanapiga soga kwa Kifaransa mlangoni, nikifika wananyamaza. Kwao, hapa Burundi, mimi ni Mtanzania. Kule Kigoma nilikozaliwa niliitwa Mrundi. Chai nimekunywa peke yangu, kama kawaida.

Jumatano, 5 Machi
Zuhura, mwanafunzi wetu anayetoka kijiji cha Kizuka, naye alisoma Tanzania kabla wazazi wake hawajarudi huku. Leo ameandika "uvuvi" kwenye mashine. Jibu: hakuna. Vitabu vya uvuvi viko nyuma ya mgongo wangu, ila vyote vya Kifaransa, na mashine inatafuta kwa Kifaransa tu. Kukisoma kimoja angeweza, kwa kujikongoja. Kukipata ndiyo kazi. Ameondoka mikono mitupu kabla sijainuka. Nimekasirika.

Alhamisi, 13 Machi
Kuna watu huko duniani walianza kuitafsiri programu kwa Kiswahili, wakaishia njiani. Nimewamalizia. Na kila kitabu nimekiongezea maneno yetu ya kutafutia: uvuvi, mawese, udongo. Macho yanauma. Zuhura amekipata kitabu chake, akacheka kwa sauti humu ndani. Sikumnyamazisha. Nimefurahi mno. Sina wa kumwambia.

Jumanne, 18 Machi
Direkteri, mkuu wetu, amepita, akaona skrini. "Ondosha ile, madame. Hapa iko université, haiko soko." Akanikumbusha kwamba mkataba wangu unaisha Juni na anayesaini ni yeye. Yote hayo kwa Kiswahili, maana Kifaransa changu anakijua kilivyo. Nimeondosha. Nimelia stoo.

Ijumaa, 21 Machi
Zuhura amewaleta wenzake wawili awaonyeshe. Skrini Kifaransa kitupu. Wakanigeukia. Nimejifanya natafuta kalamu. Aibu.

Jumamosi, 22 Machi
Maktaba imefungwa, ufunguo ninao. Dirishani ziwa limetulia. Nimekirudisha Kiswahili, kazi ya dakika chache. Jumatatu direkteri ataona. Akitaka kunifukuza, na anifukuze. Sijioni shujaa. Kisha nimevuta kiti cha wasomaji, nikaisoma skrini ya kwanza yote, polepole, kama mtu aliyepata mgeni kutoka kwao.