Dada wa Ng'ambo ya Songwe

Mama,

Mugonile. Naomba barua hii ikukute miguu imepungua kuvimba na mpunga umekubali. Mimi ni mzima wa mwili. Lusajo je? Mhimize mdogo wangu anywe maji hata kama hana kiu.

Uliniuliza kwenye simu, profesa wa kemia ana kazi gani na damu. Kazi yenyewe ndiyo hiyo selimundu inayomtesa Lusajo. Ndani ya chembe nyekundu mna protini. Kwa wagonjwa, protini hiyo hushikamana ikawa kama vijiti, ikausukuma utando wa chembe hadi ukapinda kama mundu. Mimi huupima huo utando, nione unavyokakamaa.

Wagonjwa hujitolea kutoa damu ipimwe. Mmoja wao alikuwa Atupele, dada wa Karonga, ng'ambo ya mto Songwe kule Malawi, aliyekuwa akitunza wazee mjini hapa. Aliposikia jina langu akanisalimu kama nyumbani, "Ugonile, Tusekile?" Mama, sikuwa nimeambiwa neno hilo uso kwa uso tangu nihamie Ujerumani. Baadaye tukawa tunapika pamoja kila Jumapili, yeye na Kingonde chake, mimi na Kinyakyusa changu, tukielewana.

Siku moja aliniuliza, "Kazi yako itaniwahi?"

"Sidhani," nikamwambia. "Labda itawawahi wadogo."

"Basi chukua," akasema, akakunja mkono wa sweta.

Mwezi uliopita maumivu yalimbana kifuani, akafia hospitalini. Haikuwezekana kumrudisha kwao. Tulimzika huku, watu wachache, wote kimya, wakitazama viatu vyao. Nilishindwa kuvumilia. Nikalia kwa sauti, kama mnavyolia ninyi mama zetu, nikimwita jina lake. Waligeuka kunitazama. Hakuna aliyeitikia kilio changu, na jioni sikuwa na mtu wa kukaa naye matanga.

Damu yake ilibaki kwenye jokofu la maabara. Nilikuwa naipita tu. Jana niliitoa nikaipima, maana aliitoa ipimwe.

Nisalimie Lusajo, shangazi wa Mwaya, na jirani yetu anayekusaidia shambani. Ndaga fijo kwa kuniombea.

Nina ombi moja, mama. Mama yake Atupele yuko hai, anauza samaki Karonga. Kutoka hapo kwetu Ngana si mbali, ni kuvuka Songwe tu. Ukipata nafuu ya miguu, vuka ukampe pole, ukae naye. Habari za protini ziache. Mwambie tu kwamba mwanawe hakuzikwa kimya.

Mwanao,
Tusekile