Mpira wa Tatu wa Njoroge

Jumapili, Julai. Membley. Baridi imekaa madirishani tangu asubuhi na jua halijatoka. Binti yangu Wambui amenifunika blanketi mbili na kuniwekea kompyuta mapajani. Anadhani naandika tena habari za ualimu kwenye blogu yangu.

Leo siandiki habari za ualimu.

Mimi si kiziwi. Sijawahi kuwa kiziwi hata siku moja. Kwa miaka saba nimevaa vifaa vya kusikilia kwenye masikio mazima, na kila anayenipenda amekuwa akinipigia kelele kwa huruma.

Ndivyo nilivyojua kwamba ninakufa. Mwezi uliopita daktari alizungumza na Wambui mimi nikiwa nimekaa katikati yao, kwa sauti ya kawaida, kama watu wanaozungumza mbele ya kabati. Alisema moyo umechoka, maji yanarudi mapafuni, familia ijiandae. Wambui alifuta macho, kisha akaniinamia sikioni na kupaza sauti: "Daktari anasema utapata nafuu, Baba!"

Nikatabasamu. Nikamwambia nimefurahi.

Ningeweza kufa hivyo hivyo, na siri yangu ikazikwa nami. Lakini leo baada ya kanisa alikuja Njoroge.

Njoroge nilimfundisha jiografia Thika, miaka minne. Alikuwa kijana mrefu kutoka Gatuanyaga, mwenye mikono iliyofika karibu na magoti, na mimi ndiye niliyempeleka klabuni siku ya kwanza akajifunza kurusha mpira wa kriketi. Siku hizi ana lori la maji, anawapelekea watu wa kwao huko kwenye ukame. Kila Jumapili ya pili hupita hapa na kidumu cha maziwa ya mbuzi, kwa kuwa aliwahi kusikia yanafaa wagonjwa.

Leo aliingia na simu mkononi. Alivuta kiti mpaka magoti yetu yakagusana, akapaza sauti majirani wakasikia: "Mwalimu! Yule mzungu wako amechaguliwa timu ya taifa!"

Huyo mzungu anaitwa Edmund. Sisi tulimwita Edi. Alikuwa na miaka kumi na tisa alipokuja Thika, ametumwa na timu yake ya Uingereza acheze na klabu yetu wakati kwao ni majira ya baridi. Klabu haikuwa na mahali pa kumlaza, basi alikaa kwetu. Marehemu mke wangu Wanjiru alimpa chumba cha mtoto wetu wa mwisho. Kufikia Krismasi alikuwa anakula githeri kwa kijiko kikubwa na kumwita Wanjiru Cucu, yaani bibi, na Wanjiru alikuwa anamfulia soksi kwa mkono, kazi ambayo hakuwahi kumfanyia mtoto wake yeyote aliyefikisha umri huo.

Alikuwa mpigaji mzuri ajabu akiwa mazoezini. Kwenye mechi alishikwa na woga. Mechi tano mfululizo alitoka kabla hata gongo halijapata joto. Nami, mwalimu mstaafu, ndiye niliyekuwa mwamuzi wa klabu, kwa hiyo mimi ndiye niliyeinua kidole mara zote na kumwonyesha njia ya kutoka. Jioni tunakutana mezani, ananipitishia chumvi, wala hatuzungumzii mambo ya uwanjani.

Kisha kocha wake wa Uingereza akatangaza kwamba anakuja kumtazama. Mkataba wa Edi ulikuwa unaisha. Na huyo kocha alituma ujumbe mwingine uliosomwa mbele ya klabu nzima: angependa kuchagua mrushaji mmoja wa Kenya ampeleke Uingereza miezi sita akafunzwe. Tuligawanyika timu mbili. Edi akawa upande mmoja, Njoroge upande wa pili. Njoroge alinunua viatu vipya vyeupe, akavitembeza kwenye kila banda la soko ili watu wavione.

Kwa asiyejua kriketi nieleze hili moja. Mpira ukigusa gongo, hata kidogo tu kama ukucha, kisha ukadakwa na mchezaji aliyesimama nyuma kabla haujagusa chini, mpigaji ametoka. Mara nyingi jicho haliwezi kuona. Mwamuzi hutegemea sikio. Na kuna sheria ambayo watu wengi hawaijui: mwamuzi hasemi kitu mpaka aulizwe. Wachezaji lazima wamgeukie wamuulize. Wasipouliza, yeye hunyamaza, hata kama ameona yote.

Mpira wa tatu wa Njoroge siku ile ulitua, ukainuka, ukapita karibu na gongo la Edi na kudakwa nyuma. Vumbi kidogo. Sauti moja ndogo, kavu, kama kijiti kinachovunjwa na mtu aliye chumba cha pili.

Njoroge aligeuka akiwa amefungua mikono. Aliniuliza. Sio kwa fujo. Alikuwa anacheka, kwa sababu alijua. Edi alikuwa anatazama viatu vyake.

Mikono yangu ilikaa nyuma ya mgongo.

Edi alipiga siku nzima. Woga ulimtoka kama homa inavyotoka. Njoroge alirusha kwa hasira, na hasira haina shabaha. Mpira wake ulipigwa kila upande wa uwanja mpaka nahodha wake akamwondoa. Jioni kocha alimkumbatia Edi. Mrushaji alimchagua kutoka Nairobi, siku nyingine, mechi nyingine.

Kwenye mapumziko ya chai wachezaji walikuwa wamenizunguka. Nilisema lori lilipiga honi kule barabara kuu, sikusikia kitu. Hapakuwa na lori. Mwenyekiti wa klabu, mtu mwema, aliniwekea mkono begani akasema kwa upole, "Mwalimu, masikio nayo huzeeka." Alikuwa ananipa mlango wa kutokea.

Nikaupita. Nikaufunga nyuma yangu.

Sikujua kwamba mlango huo haufunguki tena. Mwamuzi asiyesikia lazima asisikie hata nyumbani. Nilianza kusema "unasemaje?" Wambui akanipeleka hospitali kupimwa. Mashine ilitoa mlio sikioni, nami nilitakiwa kubonyeza kitufe kila nikiusikia. Nilikaa kimya nikihesabu vigae vya ukuta. Daktari akaandika, Wambui akanunua vifaa, na mpaka leo ananibadilishia betri kila wiki, vibetri vidogo kama dengu. Akitoka chumbani navizima, maana vikiwaka sauti zote zinaniumiza kichwa.

Bei kubwa kuliko zote niliilipa miaka minne iliyopita, Wanjiru alipougua. Hakuwa na nguvu ya kupaza sauti. Kwa hiyo aliacha kunizungumzisha. Alikuwa akizungumza na Wambui kwa sauti ya chini, mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda, na nikisikia kila neno lazima nisubiri Wambui aniinamie anipigie kelele ndipo nijibu. Siku moja Wanjiru alisema, "Mwambie baba yako avae sweta, anatetemeka." Nilikaa natetemeka mpaka nilipoambiwa.

Ningeweza kusema siku ile.

Sasa nirudi kwa leo. Njoroge alinisomea kwenye simu, akitafsiri na kupayuka. Edi amehojiwa na gazeti la kwao. Ana miaka ishirini na sita, anapigia timu ya mkoa wake tangu arudi, na sasa atavaa kofia ya taifa. Wamemuuliza safari yake ilianzia wapi. Amesema ilianzia Thika, kwenye mpira wa tatu, ambao aliugusa wazi kabisa. Amesema kulikuwa na mwamuzi mzee ambaye hakusikia, na kwamba kila akimaliza mechi humshukuru Mungu kwa masikio ya mzee yule.

"Amekubali, Mwalimu! Amesema aligusa!"

Niliitikia kwa kichwa, nikacheka kama wanavyocheka watu wasiosikia vizuri. Njoroge alinipigapiga goti. Kisha akamgeukia Wambui, aliyekuwa anamimina chai, na sauti yake ikashuka ikawa sauti ya mtu mzima.

"Nilijua aligusa," alisema. "Miaka saba, mama, nikiwa kwenye foleni ya maji naisikia ile sauti."

Wambui akamuuliza kwa nini hajawahi kuniuliza.

"Nitamuuliza vipi mtu kama alisikia, na hasikii?" Wakacheka wote wawili. Kisha akasema, "Lakini nisikudanganye. Ningekuwa najua alisikia, nisingeleta maziwa hapa. Huyu ndiye aliyenipeleka uwanjani. Afadhali awe kiziwi."

Akapuliza chai yake. Akasema labda angeenda Uingereza angeishia kuuza maji huko pia, na huko mvua inanyesha kila siku, angekosa wateja. Wambui akacheka tena. Mimi nilitazama dirisha.

Alipoondoka alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Bado ni ile mirefu.

Njoroge, najua unasoma hapa ukisubiri lori lijae. Uliwahi kuniambia, kwa kelele. Kwa hiyo nakuandikia wewe. Ukitaka kuacha maziwa, acha. Wambui, na wewe utasoma. Usinibadilishie betri kesho.

Ningeweza kukomea kwenye sauti ya kijiti. Nimesikia, nimekiri, nilale. Lakini hiyo ingekuwa nusu, na mtu angeweza kunisamehe nusu hiyo. Angesema mzee alishtuka, mambo yalikwenda haraka, alimpenda yule mtoto, kidole kikawa kizito. Nimejisimulia hivyo mara nyingi sana mpaka karibu niamini.

Haikwenda haraka.

Asubuhi ya mechi Edi hakuweza kula. Wanjiru alikuwa jikoni akikaanga mayai. Kijana alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, analia bila sauti, akisema akitoka mapema leo basi maisha yake yamekwisha. Dirishani niliona watu wakishuka kuelekea uwanjani, na wewe Njoroge ukiwa mbele yao na viatu vyako vyeupe. Nilikuona vizuri. Nilijua kilichokuwa kinakungoja wewe pia.

Nikamshika Edi kwenye kiwiko, nikamwambia kwa sauti ya chini ili Wanjiru asisikie:

"Wewe piga tu. Kidole ni changu."