Kipindi Kisicho na Jina

Tabora, 12 Machi 1949

Kwa dada yangu Veneranda,

Shikamoo dada. Natumaini huko Ipole mu wazima, wewe na shemeji, na nyuki hawajakushinda kwa ukali, ingawa sijaona bado nyuki wa kukushinda. Huku sisi hatujambo. Mwanao Koleta ananishinda kula.

Sasa sikia na usicheke. Mimi niliyeishia darasa la pili napanga masomo ya shule nzima. Makalasinga wa reli wamejenga shule ya watoto wao kando ya hekalu lao, wakaniita kuchonga madawati. Waliponisikia nasema Kipunjabi, kile nilichookota vitani Burma pamoja na mambo mengine nisiyoweza kumwandikia dada, Sardar Bakhtawar, mkubwa wa kamati, akaniambia niweke randa chini niingie kikaoni.

Wazazi walitaka hesabu, Kiingereza na kusoma Kipunjabi, basi. Mwalimu Harnam, mama mwenye sauti ya kusimamisha garimoshi, akataka pia nyimbo, useremala, bustani na Kiswahili, tena kipindi kimoja kila siku kiachwe wazi, kijazwe na lolote litakalotokea. Mvua ikinyesha wapime maji. Mzee Humaidi, jirani wa shule, akipita, awasimulie misafara ya babu yake, kisha waende kwa miguu hadi Kwihara wakaione njia yenyewe ya misafara. Baba mmoja, muuza mabati, aliuliza kama watoto watatahiniwa mvua. Mwalimu akamjibu kwamba kwa biashara yake angekuwa wa kwanza kuiomba. Mimi niliongeza ndondi. Wakakataa ndondi. Hasara yao.

Juma lililopita akaja mzungu wa elimu kuukagua mpango. Akasema kipindi kisicho na jina si kipindi, kifutwe. Kiswahili ni cha shule za Waafrika, na mimi nirudi kwenye misumari yangu. Sardar akamwambia kwanza ale chakula. Kwao, dada, mgeni haondoki na njaa, na walaji wote hukaa chini mstari mmoja, jaji na mchukuzi bega kwa bega. Bwana akavua viatu, soksi moja ina dirisha, akafungwa leso kichwani, akakaa ubavuni kwangu. Magoti yake yalilalamika kuliko yeye.

Akaja msichana na ndoo ya dengu, akampakulia, akamwuliza kwa Kiingereza kama aongeze. Bwana akamsifu. Kisha akamtazama vizuri chini ya mtandio, akaacha kutafuna.

Alikuwa Koleta, dada. Ulimtuma ajifunze kushona kwa masista, na tangu Januari anasoma kwa Makalasinga. Mimi ndiye niliyempeleka, na sijutii.

Bwana alisema atarudi Juni, na akimkuta mtoto wa Kiafrika darasani ataifunga shule. Sardar akajibu kwamba aliyekula nao mstari mmoja hawawezi kumfukuza kwenye dawati. Aje na kufuli lake. Siku ya pili yake niling'oa komeo la mlango, nione atalifunga wapi.

Kipindi cha wazi kipo palepale. Jana alikijaza Koleta: aliwaeleza nyuki, vile ulivyomfundisha wewe. Muuza mabati alisimama dirishani mpaka mwisho.

Ukitaka kumchukua, ni mwanao, sibishi. Ila njoo mwenyewe, uje Juni, ubebe asali, ukae chini kwenye mstari mwanao akupakulie. Nataka Bwana akukute wewe hapo. Mimi ameshanizoea.

Nisalimie shemeji na wote wanaoniuliza, na wasioniuliza waambie nimenenepa. Hayo madude hapo chini, yaliyoning'inia kwenye mstari kama mizinga yako kwenye tawi, usidhani nimemwaga wino. Koleta ameandika jina lako kwa Kipunjabi.

Ni mimi mdogo wako,
Alois, fundi madawati na mpanga masomo